Mwonewa wa Taifa

Urudisheni huo mlango kwanza. Si kwamba naogopa, mtu wa umri wangu aogope nini tena; ila maneno yana miguu, na mengine yakitoka nje hurudi na askari. Haya. Palikuwa na nchi. Jina lake nimekatazwa kulitaja, na aliyenikataza naye jina lake halitajwi. Nchi nzuri sana hiyo. Kila mtu alikuwa na furaha, na asiyekuwa nayo alipelekwa mahali akafundishwa.

Katika nchi hiyo alikaa fundi wa magodoro, anaitwa Mbaruku. Magodoro ya sufi, yale ya zamani, si haya ya sponji mnayolalia nyinyi mkiamka migongo inalia. Mbaruku alichambua sufi kwa mkono, akatoa kokwa, akashindilia, akashona kwa sindano ndefu kama mshale. Na yeye mwenyewe, mnaiona dunia, alilala kwenye mkeka. Yeye na mkewe, Sikudhani, tangu siku ya harusi. Kila godoro likiisha lilikuwa lina mwenyewe.

"La kwetu litakuja, mke wangu," humwambia.

"Litakuja nikishalala udongoni," Sikudhani humjibu. Mwanamke yule alikuwa na mdomo, si haba.

Basi bwana, Mkuu wa Wilaya akaagiza godoro. Likashonwa, likapelekwa, akalilalia, akaota. Akaota amefukuzwa kazi, anauza karanga stendi, na karanga zenyewe mbichi. Akaamka jasho linamtiririka. Ndoto hii imetoka wapi? Mto ule ule, chandarua kile kile, mke yule yule. Kipya hapa ni godoro. Mbaruku alikamatwa hajamaliza chai.

Hakimu alikuwa mtu wa elimu kubwa. Akaamuru godoro liletwe mahakamani kama kielelezo, akalilalia mwenyewe kwa ajili ya uchunguzi, akakoroma mpaka jua likageuka. Alipoamka alisema yeye hakuota kitu, na hilo ndilo linaloonyesha mshtakiwa ni mtu hatari: anachagua wa kumwotesha. Akampa miaka miwili kwa kosa la kumwotesha kiongozi ndoto za uchochezi. Mbaruku akaambiwa ashukuru, akashukuru. Sikudhani alikuwa amekaa nyuma kabisa. Hakulia, hakupiga kelele. Alishika ncha ya kanga yake, akaifunga fundo, akatoka zake.

Gereza lenyewe liliitwa Gereza la Shukurani. Asubuhi mnachuchumaa kuhesabiwa, na mkishahesabiwa mnaimba wimbo wa kumshukuru mtawala. Mtawala wa nchi ile aliitwa Mwavuli wa Taifa. Wimbo unasema "Asante Mwavuli kwa kivuli", na huku jua linawapasua utosi. Halafu uji. Uji ulikuwa na wadudu, na mpishi alieleza vizuri kwamba hiyo ni nyama, serikali imeongeza bila kutangaza kwa sababu haipendi kujisifu. Halafu kazi: kugonga mawe yawe kokoto za barabara. Barabara haikuwepo. Kokoto zikijaa upande huu mnazihamishia upande ule. Kulala ni ubavu kwa ubavu kama dagaa kwenye tenga, akigeuka mmoja nyapara anasema "Geuka!" na chumba kizima kinageuka.

Na ibada je? Ibada iliruhusiwa, tena sana. Ila picha ya Mwavuli ilikuwa imetundikwa ukuta wa kibla, na palikuwa hapana nafasi nyingine ya kuswalia kwenye ukuta huo, kwa sababu huku kuna ndoo ya haja na huku kuna mlango. Basi kila anayesujudu anaonekana anaisujudia picha, na askari wanafurahi. Mbaruku lilimkera hilo. Akawa anaswali kwa kupinda kidogo, bega moja mbele, aikwepe ile picha.

"Mzee, mbona unaswali upogo?" askari anauliza.

"Mgongo, Afande."

"Mgongo wa Ijumaa, na wa Jumamosi pia?"

"Wa wiki nzima, Afande. Mawe yale."

Karibu yake alilala Leonsi, katekista, yeye alifungwa kwa kupiga kengele ya kanisa wakati Mwavuli anahutubia redioni. Rozari walimnyang'anya, akatunga nyingine ya maharage mabichi aliyookota jikoni. Mara mbili njaa ilimshinda akala fumbo moja, punje kumi nzima za sala, akatubu. Na upande wa pili Chande, mwizi wa mbuzi. Huyu alikuwa mwizi kweli, hana kinyongo na mtu.

"Nyinyi wachamungu mnateseka bure," Chande husema. "Mimi kila nikigonga jiwe namkumbuka yule mbuzi, roho inatulia."

Sikudhani alikuja kila siku ya wageni. Wanasimama, seng'enge katikati.

"Unakula?"

"Nakula. Wewe?"

"Sufi nimejaza magunia. Msufi wetu umezaa mwaka huu mpaka matawi yanainama. Ukitoka tu, unashona letu. Sitaki kusikia habari ya mteja."

"Mwezi wa kutoka ukiandama, nashona."

"Na mimi naendelea na dua yangu."

"Dua gani hiyo?"

"Dua haiulizwi, mume wangu." Na vidole vyake viko kwenye lile fundo la kanga.

Sasa sikilizeni hapa. Majuma machache tu baada ya Mbaruku kufungwa, Mwavuli wa Taifa alishikwa na kwikwi. Yuko jukwaani, anasema, "Ndugu wananchi, nchi yetu ni ya ama— kwi!" Watu wakapiga makofi, wakadhani ni sera mpya. Kwikwi haikukoma. Akapewa maji, akashtuliwa na mizinga, akapelekwa kwa madaktari nchi za mbali, akarudi nayo. Mawaziri wazima wakambandika uzi wenye mate kwenye paji la uso, kama tunavyowafanyia watoto wachanga. Ikatoka amri kila picha yake ofisini nayo ibandikwe uzi. Watangazaji wa redio wakatakiwa nao waweke kwikwi katikati ya habari, ili Mwavuli asijione peke yake. Mwanajeshi mmoja alipiga saluti bila kwikwi. Sijui alipo.

Ila hatari ilikuwa hii: Mwavuli hakuweza tena kumaliza amri. Akisema "Mfunge—" kwikwi inaingia, wanabaki hawajui wamfunge nani, basi wanafunga wote walio karibu.

Masheikh wakaomba, maaskofu wakaomba, mpaka miaka miwili ya Mbaruku ikakaribia kwisha. Wapi. Ndipo akasema shangazi yake Mwavuli, kizee kiziwi. Huyu alikuwa peke yake nchini anayesema ukweli, kwa sababu hakusikia ulipopigwa marufuku. Akasema, "Mnaomba mmeshiba, nyinyi. Dua ya aliyeshiba inagonga dari inarudi. Dua ya aliyeonewa ndiyo haina pazia, inakwenda moja kwa moja. Mtafuteni mtu aliyeonewa."

Baraza la mawaziri likafungua vitabu vya sheria. Kisheria hapakuwa na mtu aliyeonewa katika nchi ile. Waziri wa Hesabu alithibitisha: hakuna hata mmoja. Lakini Waziri wa Utii na Ibada, Mheshimiwa Lumbwe, bonge la mtu mwenye sauti laini kama ya mtu anayembembeleza kuku kabla ya kumchinja, akasema, "Labda kwenye magereza tukitafuta vizuri tunaweza kupata mmoja wawili. Waliopita kwa bahati mbaya."

Gereza la Shukurani likapangwa uwanjani. Mkuu wa gereza, Afande Machupa, akapanda juu ya kokoto.

"Nani kati yenu ameonewa? Anyooshe mkono."

Nani anyooshe? Kuna mmoja aliwahi kusema ameonewa, akapelekwa chumba cha kutafakari. Alirudi anakubali kila kitu, hata ambacho hajaulizwa. Basi wafungwa wote kwa sauti moja: "Hakuna, Afande! Sote tuna hatia!"

"Mimi ninazo mbili!" Chande akapaza.

Machupa jasho linamtoka. "Jamani, nawaombeni. Hata mmoja. Hata aliyeonewa kidogo."

Wafungwa wakainamia kokoto.

Chande, mdomo wake huo, akasema, "Afande, mimi mbuzi nilimwiba, nikamla, na mchuzi nikanywa. Lakini huyu mzee wa magodoro, hata mbuzi mwenyewe angekuwepo angesema ameonewa."

Watu wakacheka. Kabla kicheko hakijaisha Mbaruku ameshabebwa juu juu.

Waziri Lumbwe alimpokea ofisini na chai ya maziwa.

"Karibu, mzee wangu. Hebu niambie. Umeonewa?"

Mbaruku akaiona ile chai, akaona na mtego. "Hapana, Mheshimiwa. Nina hatia."

"Una hakika?"

"Mahakama ilisema, Mheshimiwa. Mimi nani nibishane na mahakama?"

"Vizuri sana, jibu zuri." Waziri akavuta kiti. "Ila ukiwa na hatia, hunifai. Na ukisema umeonewa, umeitukana mahakama, nitakuongezea miaka. Sasa tufanye hivi. Serikali inakuruhusu kuonewa. Kwa muda. Ukishaomba dua, unarudi kwenye hatia yako."

"Mheshimiwa, Mungu si atajua?"

"Atajua nini?"

"Kwamba ni ya kibali."

"Hiyo niachie mimi. Wewe omba kwikwi iondoke. Mwezi ukiandama unakwenda zako kwa mkeo. Nani jina lake?"

Mbaruku akamtaja. Baadaye alijuta sana kulitaja lile jina katika chumba kile.

Alirudi kwenye mawe anawaza.

"Omba imuue," Chande akamnong'oneza. "Hii bahati haiji mara mbili."

"Wapende adui zako," Leonsi akasema, anabonyeza maharage yake. "Imeandikwa."

"Aliyeandika hajala uji huu," Chande akajibu.

Mbaruku akasema, "Mimi naogopa kitu kimoja tu. Kumdanganya Mola. Hawa nimewadanganya, nimesema nina hatia, basi. Lakini kule siwezi kwenda na uongo mkononi." Akafikiri sana. Kwikwi ni ugonjwa, na mgonjwa huombewa, hata awe nani. Akaswali upogo kama kawaida yake, akanyanyua mikono: "Ewe Mola, mgonjwa huyu mpunguzie. Na mimi nirudishe kwa Sikudhani."

Kwikwi ikakoma. Hapo hapo! Mwavuli alikuwa anakula, akamaliza tonge bila kuruka. Mizinga ikapigwa, redioni wakaimba, watangazaji wakapewa likizo ya koo.

Mwezi ukaandama. Mbaruku akakunja blanketi, akamwachia Leonsi, akasimama getini na ndala zake. Akatokea Waziri Lumbwe, anatabasamu.

"Unakwenda wapi, mzee wangu?"

"Nyumbani, Mheshimiwa. Muda wangu umekwisha."

"Ndiyo. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi. Ukienda nyumbani utakuwa hujaonewa tena, na dua yako itaota pazia. Kwikwi ikirudi tutamkimbilia nani? Kuanzia leo wewe ni Mwonewa wa Taifa. Cheo hicho kipo juu ya Mkuu wa Wilaya. Hongera."

Wakampigia makofi, wakamrudisha ndani.

Na kwikwi ikarudi kweli. Wataalamu wakasema kuonewa kwake kumechakaa, anatakiwa aonewe upya. Wakamnyang'anya blanketi. Akaomba, ikakoma, ikarudi na nguvu zaidi. Wakamkataza wageni. Sikudhani akaja siku ya wageni, akasimama nje ya seng'enge jua lote, akarudi. Mbaruku akaomba, kwikwi ikakoma kidogo tu, ikarudi inamrusha Mwavuli kitandani. Kila wakimwonea zaidi, kwikwi inarudi kubwa zaidi. Watu wenye akili wangejiuliza. Lakini wenye akili wa nchi ile walikuwa wanagonga kokoto.

Wizara nyingine nazo zikaleta haja zao. Daraja lisianguke, wamtie njaa kidogo aombe. Timu ya taifa ishinde, wamchape. Ilifungwa mabao matano, wakasema hakuchapwa kwa moyo. Mbaruku akawa mwembamba mpaka kivuli chake kinamshinda unene.

Halafu siku moja, wamo kwenye mawe, wakaona moshi unapanda upande wa mjini. Moshi mweupe, mzito, na ndani yake vinyuzi vyeupe vinaelea, vinashuka taratibu juu ya vichwa vya wafungwa kama mvua isiyolowesha. Mbaruku akashika kimoja, akakisugua kwa dole gumba. Fundi haulizi.

"Sufi," akasema. "Ya kwangu hii."

Chande hakuwa na mzaha siku hiyo. Leonsi alimshika mkono.

Afande Machupa akaja, anaangalia chini. "Mzee, wamechoma magunia yote. Waziri amesema leo ni dua kubwa, redio nchi nzima. Uombe Mwavuli asife milele. Na ukishindwa..." Akavua kofia. "Mkeo bado hawajamgusa. Waziri amesema nikuambie hivyo: bado."

Wakamkalisha uwanjani, kipaza sauti mbele, Waziri pembeni, wafungwa wamechuchumaa. Nchi nzima inasikiliza. Mbaruku akanyanyua mikono. Ataomba vipi mtu asife milele? Huo ni uongo, na unapelekwa kule kule. Akikataa, watamfuata Sikudhani. Waziri akamgusa kwa fimbo.

"Ewe Mola," akasema, "watu hawa wote walionifanyia haya, kuanzia Mkuu wa Wilaya mpaka Mwavuli wao, mimi Mbaruku nimewasamehe. Duniani na akhera. Siwadai kitu. Amina."

Wafungwa wote: "Amina!"

Waziri akarukia kipaza sauti. "Futa hayo! Futa! Huna ruhusa ya kusamehe!"

"Yamekwenda, Mheshimiwa. Nyinyi wenyewe mlisema dua yangu haina pazia."

Wengine walisema ulikuwa ujanja wa kizee. Lakini Leonsi alikuwa karibu, aliyaona machozi, na mtu halii hivyo kwa ujanja.

"Mfunge upya!" Waziri akamfokea Machupa. "Aonewe upya!"

"Atasamehe tena, Mheshimiwa. Wa hivi hawatibiki."

Mtu aliyesamehe hana faida yoyote kwa serikali, anakula uji wa bure tu. Wakamtupa nje ya geti, ndala mguu mmoja.

Akafika kwake jua la alasiri. Uani pana jivu. Msufi haukuungua, ulibaki mweusi upande mmoja, na upande wa pili una matumba yamepasuka. Sikudhani amekaa kwenye mkeka anachambua sufi mpya, kama vile hakuna kilichotokea.

"Umekonda," akamwambia.

"Nimewasamehe, Sikudhani."

"Nilisikia redioni." Hakuinua uso. "Kaa, ule."

Hajakata tonge, malori yakaingia mtaani. Serikali ilikuwa inatafuta mwonewa mpya, nyumba hadi nyumba. Watu wanajifungia, wanapiga kelele kutoka ndani: "Hapa sote tuna hatia! Pita jirani!" Malori hayakupita. Yalisimama kwa Mbaruku. Akaingia Waziri Lumbwe na viatu vyake mpaka juu ya mkeka, na askari nyuma yake na bunduki.

"Huyu mzee alishaharibika, mwacheni. Nimekuja kwako, mama. Umenyang'anywa mume, umechomewa mali. Mumeo amesamehe. Na wewe umesamehe?"

"Sikudhani," Mbaruku akasema kwa sauti ndogo, "sema umesamehe."

Sikudhani akafuta mikono. Vinyuzi vya sufi viko kwenye nyusi zake, kwenye kope, anaonekana mzee ghafla. Akaishika ile ncha ya kanga, lile fundo.

"Mimi sijasamehe," akasema. "Yeye kasamehe yake, ya kwangu iko hapa. Nimeifunga siku ile ile mahakamani, na kila siku naisomea."

"Vizuri!" Waziri uso ukang'aa. "Vizuri sana, mama yangu. Basi utatuombea kwikwi ya Mwavuli iondo—"

"Mwanangu," Sikudhani akamkatiza, pole pole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Kwani hiyo kwikwi nyinyi mlidhani imetoka wapi?"

Waziri akamtazama. Akalitazama fundo. Kidogo kidogo akaanza kuelewa, na uso wake ukabadilika rangi. Akanyoosha kidole, akafungua mdomo awaamuru askari.

"Mka— kwi!"

Akashika kifua. Akajaribu tena.

"Mka— kwi! Mka— kwi!"

Askari wakatazamana. Mkamateni? Mkae? Mkalale? Bila amri kamili askari wa nchi ile hapigi hatua. Wakasimama mlangoni, vidole kwenye bunduki, wanasubiri neno liishe.

Wanasema wanasubiri mpaka leo. Waziri yuko pale, anaruka ruka, anatafuta nafasi kati ya kwikwi na kwikwi ya kupenyeza neno moja tu. Mbaruku anashona godoro lake, la kwanza la kwake, na kila kimya kikirefuka kidogo sindano yake inasimama. Sikudhani anaendelea kuchambua. Mkono mmoja uko kwenye sufi, na mwingine hauachi fundo, hata akisinzia.

Haya, wajukuu zangu, nendeni mkalale salama. Mlango mnaweza kuufungua sasa. Lakini chungulieni kwanza.